Habari ya Risasi Katika Petroli

Risasi ni madini laini, mazito, yenye rangi ya kijivu. Mvuvi huitumia kwa chubwi ya kuzamisha mshipi wake, mwashi huitundika katika timazi ili ukuta wake usimame wima, na mwenye bunduki huijua kwa kazi isiyohitaji maelezo. Warumi wa kale waliifanya mabomba ya maji, kwa kuwa huyeyuka upesi motoni na haili kutu kama chuma. Lakini tangu zama hizo ilijulikana pia kwamba risasi ikiingia mwilini ni sumu. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita Myunani mmoja aliyeitwa Nicander aliandika habari za msokoto wa tumbo na kulegea kwa viungo kunakompata mtu aliyeila.

Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji, jinsi sumu hii iliyojulikana ilivyotiwa katika petroli kwa makusudi, ikatembezwa katika barabara za ulimwengu mzima kwa muda wa karibu miaka mia moja, na jinsi ilivyoondolewa. Mafuta yatokayo chini ya ardhi yameleta madhara mengi: yamemwagika baharini na mitoni, moshi wake umechafua hewa ya miji, na hewa ya ukaa itokayo humo inazidi kuutia dunia joto. Kila moja katika hayo lingestahili kitabu chake. Nimechagua hili la risasi kwa sababu mwanzo wake unajulikana kwa siku, mwisho wake unajulikana kwa mwezi, na katikati mna fundisho linalotuhusu sote.

Ili ufahamu kisa hiki huna budi kujua kwanza jambo moja juu ya injini ya motokaa. Ndani ya silinda mvuke wa petroli huchanganyika na hewa, pistoni hupanda na kuubana mchanganyiko huo, kisha cheche ya umeme huuwasha. Mlipuko huisukuma pistoni chini, nayo magurudumu huzunguka. Kadiri mchanganyiko unavyobanwa zaidi, ndivyo nguvu inavyozidi kupatikana katika kiasi kile kile cha petroli. Walakini petroli ya zamani ilipobanwa sana haikuwaka kwa utaratibu. Sehemu yake ililipuka yenyewe, na injini ikagonga kama chuma kinachopigwa kwa nyundo. Kugonga huko kulipoteza nguvu na kuharibu injini, na watengenezaji wa motokaa walitafuta kwa bidii dawa ya kukukomesha.

Mmoja wa waliotafuta alikuwa Thomas Midgley, mhandisi wa Kimarekani aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya General Motors, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, chini ya mkuu wake Charles Kettering. Midgley alijaribu vitu vingi sana. Vingine vilikuwa ghali, vingine viliharibu chuma, na kimoja kilikuwa na harufu mbaya iliyoganda mwilini na nguoni isitoke. Hatimaye, tarehe 9 Desemba 1921, alitia katika petroli kiasi kidogo cha kioevu chenye risasi ndani yake, ambacho wanakemia wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kukitengeneza katikati ya karne ya 19. Kugonga kukakoma. Sehemu moja ya kioevu kile ilitosha kwa sehemu zaidi ya elfu moja za petroli.

Angalia jinsi mambo yalivyokutana. Mwezi mmoja tu kabla ya siku ile, yaani Novemba 1921, wajumbe wa mataifa waliokutana Geneva katika Shirika la Kazi Duniani walikuwa wamepatana kwamba rangi nyeupe yenye risasi isitumiwe tena kupaka ndani ya nyumba, kwa kuwa iliwaumiza mafundi. Kwa hiyo hapana awezaye kusema kwamba watu wa wakati ule hawakujua. Ubaya wa risasi ulikuwa umeingia katika mkataba wa mataifa kabla haijaingia katika tangi la motokaa.

Wala haikuwa kweli kwamba hapakuwa na njia nyingine. Midgley na Kettering walijua vizuri kwamba spiriti itokanayo na nafaka au miwa, ikichanganywa na petroli, nayo huzuia kugonga. Lakini spiriti ilihitajika kwa wingi, hali risasi ilitosha kidogo. Tena spiriti huweza kutengenezwa na mkulima yeyote mwenye mtambo, na hapana kampuni iliyoweza kujitwalia haki yake peke yake. Risasi katika petroli ilikuwa uvumbuzi uliosajiliwa kisheria, na kila aliyeitumia alimlipa mwenye haki hiyo. Ukizitazama njia hizi mbili kwa macho ya mfanyabiashara, utaona kwa nini ile yenye sumu ndiyo iliyochaguliwa.

Petroli hiyo iliuzwa kwa mara ya kwanza Dayton katika mwezi wa Februari 1923. Iliitwa Ethyl, jina zuri lenye mlio wa jina la mwanamke, na neno risasi halikutajwa katika matangazo yake. Katika majira hayo hayo Midgley mwenyewe alikuwa mgonjwa. Risasi ilikuwa imemwingia mwilini katika kazi yake, akalazimika kuacha maabara na kwenda Florida, kwenye jua na hewa safi, apate nafuu. Mwaka wa 1924 kampuni za General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliungana kuunda kampuni ya kuuza dawa ile.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Kilio kilisikika mwezi wa Oktoba 1924, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Bayway, jimbo la New Jersey, ambako kioevu kile kilitengenezwa. Wafanyakazi walianza kuweweseka. Waliona vitu visivyokuwapo, wakapiga kelele, na wengine ilibidi wafungwe ili wasijidhuru. Kwa muda wa siku chache wanaume watano walikufa, na zaidi ya thelathini wengine waliugua. Haukuwa msiba wa kwanza. Vifo vilikuwa vimekwisha kutokea katika kiwanda cha Dayton, na pia Deepwater, ambako kampuni ya DuPont ilikuwa na kiwanda kilichoitwa na wafanyakazi Nyumba ya Vipepeo, kwa sababu watu waliofanya kazi humo walionekana wakifukuza kwa mikono wadudu ambao hawakuwapo.

Magazeti yalipaza sauti, na kampuni ikamtoa Midgley awatulize watu. Tarehe 30 Oktoba 1924 alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini New York, akanawa mikono kwa kioevu kile, kisha akakiweka puani na kukivuta kwa muda wa dakika moja, akidai kwamba angeweza kufanya vile kila siku pasipo kudhurika. Fikiri, msomaji: mtu huyo alikuwa amekwisha kuugua kwa sumu ile ile, na alijua alichokuwa akikinusa. Mji wa New York na sehemu nyingine zilipiga marufuku petroli hiyo, na uuzaji wake ukasimamishwa kwa muda.

Tarehe 20 Mei 1925 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani aliita mkutano mjini Washington. Upande mmoja walikaa wenye viwanda. Walisema kwamba maendeleo yanahitaji motokaa, motokaa zinahitaji petroli bora, na hakuna aliyeonyesha kwamba mpita njia yeyote amedhuriwa na moshi. Mkuu mmoja wa kampuni hata aliiita dawa ile zawadi ya Mungu. Upande wa pili walikuwapo wataalamu wachache waliokuwa wamechunguza magonjwa ya viwandani. Dakta Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, na Profesa Yandell Henderson wa Chuo Kikuu cha Yale walionya kwamba hatari kubwa haikuwa kwa mafundi wa kiwandani tu. Hatari ilikuwa ni vumbi la risasi litakaloanguka kidogo kidogo barabarani, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku watu watakapotambua, na hapo itakuwa shida kuirudisha nyuma.

Ukilichungua shauri lile kwa makini, utaona kwamba mabishano yao hayakuwa juu ya kama risasi ni sumu, kwani wote walikubali kuwa ni sumu. Walibishana juu ya nani apaswaye kuthibitisha. Wataalamu walisema: anayetaka kutia sumu katika hewa ya watu wote na athibitishe kwanza kwamba haitadhuru. Wenye viwanda walisema: anayetaka kutuzuia na athibitishe kwanza kwamba imedhuru. Katika kauli hizi mbili, ya kwanza humkinga mtu kabla ya kuugua, na ya pili hungoja mpaka augue ili ugonjwa wake uwe ushahidi.

Kamati ya wataalamu iliundwa. Kwa miezi michache iliwapima watu 252, wengi wao wakiwa madereva na wafanyakazi wa gereji. Mwanzoni mwa 1926 ilitoa taarifa kwamba haikuona sababu ya kutosha ya kukataza petroli ile, maadamu kanuni za usalama zitafuatwa. Lakini ilisema pia kwamba muda wa uchunguzi ulikuwa mfupi, kwamba madhara yanayokuja polepole huenda yakaonekana baadaye, na kwamba uchunguzi uendelee. Sehemu ya kwanza ya taarifa ilishikwa, na ile ya pili ikasahauliwa. Petroli ya risasi ikarudi sokoni, na ilipofika mwaka wa 1936 karibu sehemu tisa katika kila kumi za petroli iliyouzwa Marekani zilikuwa na risasi.

Kwa muda wa miaka arobaini hivi baada ya hapo, uchunguzi mwingi wa habari ya risasi ulifanywa kwa fedha za wale wale walioiuza. Mtaalamu wao mkuu alikuwa Dakta Robert Kehoe. Hoja yake ilikuwa hii: risasi imo katika ardhi, kwa hiyo imo katika chakula na katika miili ya watu wote, mwili huweza kuitoa, na chini ya kiwango fulani haina neno. Aliyemshuku aliambiwa alete ushahidi, na vyombo vya kuupata ushahidi vilikuwa mikononi mwa kampuni. Wakati huo huo motokaa zilienea katika mabara yote, na petroli yenye risasi ilienda nazo, hata katika barabara zetu za Afrika ya Mashariki, ikatoka katika bomba la moshi kama vumbi jembamba lisiloonekana, ikatua juu ya mboga, juu ya uchanga wa kiwanja cha kuchezea, na juu ya vidole vya mtoto anayetambaa.

Ushahidi uliokuwa ukitakiwa ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Clair Patterson hakuwa mganga. Alikuwa mwanakemia wa Kimarekani aliyetaka kujua umri wa dunia. Njia yake ilikuwa kupima risasi iliyomo katika mawe ya zamani, kwa kuwa madini ya urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana, kama mchanga unavyoshuka katika chupa ya saa. Lakini kila alipopima alipata risasi nyingi kuliko iliyowezekana. Alisafisha vyombo vyake, nayo ikazidi kuwapo. Mwishowe alitambua kwamba haikutoka katika jiwe. Ilikuwa katika maji, katika vumbi la meza, katika nywele na nguo zake mwenyewe. Katika Chuo cha Teknolojia cha California alijenga maabara iliyochujwa hewa yake na kusuguliwa sakafu yake, na humo akafaulu. Mwaka wa 1956 alitangaza kwamba umri wa dunia ni miaka milioni elfu nne na mia tano hamsini hivi, hesabu inayokubaliwa mpaka leo.

Mtu mwingine angaliridhika na sifa hiyo. Patterson alitaka pia kujua risasi yote ile ilitoka wapi. Alipima maji ya bahari, akaona kwamba maji ya juu yana risasi mara nyingi kuliko maji ya kilindini, jambo lililoonyesha kwamba imeanguka kutoka angani katika siku za karibuni. Kisha yeye na wenzake wakachimba theluji ya kale ya Greenland, ambako kila mwaka huacha tabaka lake, kama kurasa za kitabu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 1969 yalionyesha kwamba theluji ya miaka ya 1960 ilikuwa na risasi zaidi ya mara mia mbili ya ile iliyoanguka miaka 800 kabla ya Kristo, na kwamba ongezeko lilikuwa kali kupita yote baada ya 1940. Greenland haina barabara kuu wala misururu ya motokaa. Risasi ilifika huko kwa upepo.

Katika mwaka wa 1965 Patterson alikuwa ameandika makala ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha kisa hiki. Humo alitenga maneno mawili ambayo Kehoe aliyachanganya: kitu cha kawaida na kitu cha asili. Kehoe alipima watu wengi, akakuta wote wana risasi, akasema kwamba kiwango hicho ni cha kawaida na kwa hiyo si kibaya. Patterson akasema: ni cha kawaida kwa sababu wote wamekwisha kupatwa, lakini si cha asili. Alikadiria kwamba mwili wa Mmarekani wa wakati ule ulikuwa na risasi mara mia hivi kuliko ule wa binadamu aliyeishi kabla madini hayajachimbwa. Kijiji ambacho kila mtu ana homa hakiwi kijiji cha watu wazima wa afya.

Malipo ya kazi hiyo yalikuwa machungu. Fedha alizokuwa akipewa na kampuni za mafuta kwa ajili ya utafiti zilikatwa, na mkataba wake na idara ya afya ya serikali haukuendelezwa. Mwaka wa 1971, kamati ya kitaifa ilipoundwa kuchunguza risasi iliyo hewani, yeye aliyeijua kupita wengine hakuitwa. Walakini mwaka wa 1966 alikuwa amekwisha kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Edmund Muskie, na maneno yake hayakuweza kufutwa tena.

Lilibaki swali la watoto. Mwili huidhania risasi kuwa chokaa ile inayojenga mifupa, huipokea na kuiweka katika mifupa na meno, na kwa njia hiyo hiyo huiacha ipite mpaka ubongoni. Mtoto mdogo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi aliyoimeza kuliko mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unaundwa. Dakta Herbert Needleman alitumia njia nyepesi na ya busara kulijibu swali hilo. Katika miji ya Chelsea na Somerville, jimbo la Massachusetts, alikusanya meno ya utoto zaidi ya elfu mbili yaliyong'oka yenyewe, akapima risasi iliyomo. Walimu wa watoto wale waliulizwa juu ya mwenendo wao darasani bila ya kuambiwa meno yao yalikuwa na nini. Taarifa iliyotoka mwaka wa 1979 ilionyesha kwamba kadiri risasi ilivyozidi katika meno, ndivyo walimu walivyozidi kumtaja mtoto kuwa hatulii, hasikilizi, hamalizi kazi yake. Na wale wenye risasi nyingi walipungukiwa pia katika vipimo vya akili. Watoto hao hawakuwa wagonjwa kitandani. Walikuwa wakienda shuleni kila siku.

Sisi walimu hatuna budi kusimama kidogo mahali hapa. Hapana mwalimu awezaye kumtazama mtoto usoni na kusema kwamba huyu ni mvivu na yule amekunywa sumu. Ni watoto wangapi ulimwenguni, katika muda wa miaka karibu mia, walioitwa wazito, wakachapwa, wakaondoshwa shuleni, ilhali kosa lilitoka katika bomba la moshi? Hesabu hiyo haipatikani, wala haiwezi kulipwa, kwa kuwa akili iliyopotezwa na risasi utotoni hairudi.

Mambo yalianza kugeuka Marekani katika miaka ya 1970. Idara mpya ya kulinda mazingira iliamuru risasi ipunguzwe hatua kwa hatua. Motokaa mpya za 1975 nazo zilifungwa chombo cha kusafishia moshi, ambacho huharibiwa na risasi, kwa hiyo petroli safi ikawa lazima. Wauzaji wa risasi walishtaki, lakini mwaka wa 1976 mahakama ya rufani iliamua kwamba sheria iliyotungwa kuwakinga watu haihitaji kungoja uthibitisho kamili wa madhara. Hatari iliyo wazi yatosha. Kwa hukumu hiyo kauli ya Hamilton na Henderson ilishinda, baada ya miaka 51. Matokeo hayakukawia. Baina ya 1976 na 1980 risasi katika damu ya Wamarekani ilipungua kwa sehemu 37 katika kila mia, ikishuka sambamba na risasi iliyouzwa katika petroli. Mwaka wa 1996 ilikatazwa kabisa katika motokaa za barabarani nchini humo.

Afrika, kama ilivyo desturi, iliachwa mwisho. Petroli ya nchi zetu nyingi ilikuwa miongoni mwa zile zenye risasi nyingi duniani, wakati mataifa tajiri yalikwisha kuiacha yao. Watu waliambiwa kwamba motokaa kuukuu zitaharibika na kwamba gharama haitavumilika. Kiwanda chetu cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka wa 1963, katika zama ambazo risasi ilihesabiwa kuwa kitu cha lazima. Lakini mwezi wa Juni 2001 wajumbe wa nchi 25 za kusini ya Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakaahidiana kuiondoa risasi. Mwaka wa 2002, katika mkutano mkuu wa Johannesburg, kuliundwa ushirikiano wa serikali, makampuni na vyama vya raia kwa kazi hiyo, na uratibu wake ukawekwa katika Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi. Wakati huo nchi 117 zilikuwa bado zikitumia petroli ya risasi. Kenya iliachana nayo mwishoni mwa 2005, na mwaka wa 2006 ulipoanza Afrika yote ya kusini ya Sahara ilikuwa imeitupa. Motokaa kuukuu ziliendelea kwenda.

Isidhaniwe kwamba wenye bidhaa walikubali kwa roho safi. Mwezi wa Machi 2010 kampuni ya Innospec, iliyotengeneza dawa hiyo Uingereza, ilikiri mahakamani London kwamba ilishiriki katika kuwahonga maofisa wa Indonesia ili nchi yao isiharakishe kuiacha risasi. Katika mwaka huo huo ilikiri Marekani kosa la rushwa lililohusu Irak. Hayo yalitokea zaidi ya miaka themanini baada ya Bayway.

Nchi ya mwisho ilikuwa Algeria, ambayo vituo vyake viliacha kuuza petroli ya risasi mwezi wa Julai 2021. Tarehe 30 Agosti mwaka huo tangazo lilitolewa kutoka Nairobi kwamba hakuna tena nchi inayoiuza kwa motokaa. Shirika la Mazingira lilikadiria kwamba kuondolewa kwake kunaokoa watu zaidi ya milioni moja na laki mbili kila mwaka wasife kabla ya wakati wao.

Hata hivyo sumu yenyewe haijaisha. Risasi haiozi wala haiungui ikapotea. Uingereza iliikataza mwishoni mwa 1999, lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2021 uliikuta risasi ya petroli ile ya zamani ikiwamo bado katika vumbi linalopeperuka London. Ndege nyingi ndogo zenye injini ya pistoni zingali zikitumia petroli ya risasi. Na betri kuukuu za motokaa zikiyeyushwa ovyo huua kama zamani: wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na kiwanda cha namna hiyo, walishinda kesi yao mwaka wa 2020, baada ya watoto wao kupatikana na risasi katika damu.

Sasa, msomaji, kisa hiki kina faida gani kwako wewe uliyezaliwa petroli ikiwa imekwisha kusafishwa? Faida ni kwamba swali lililoulizwa Washington mwaka wa 1925 halijazeeka. Mwezi wa Machi 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamegunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, huko Turkana. Huenda siku moja utakaa katika baraza, au katika ofisi, au katika mkutano wa kijiji, na mtu atakuja na kitu kipya chenye faida, akikuambia kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa kina madhara. Muulize nani aliyechunguza, na kwa fedha za nani. Muulize kama iko njia nyingine, na kwa nini imeachwa. Muulize ni nani atakayelipa iwapo amekosea, na kama kitakachopotea chaweza kurudishwa. Akikujibu kwamba kiwango cha uchafu kilichopo ni cha kawaida, umkumbuke Patterson, umwombe akuonyeshe kilicho cha asili.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu ulionekana siku ya kwanza na watu waliokuwa na elimu ya kutosha kuuona, nao walisema. Kuujenga ukuta kulichukua miaka tisini na tisa na miezi saba, tangu siku ile ya Desemba huko Dayton mpaka Julai huko Algeria.